Nairobi hadi New York: Piga Hesabu Kabla ya Kufunga Begi

Nilikosa ndege nikiwa na kila kitu mkononi: tiketi, pasi yenye viza, na masanduku mawili niliyokwisha kuyapima kilo. Tiketi ilisema Jumamosi, 00:40. Nikafika uwanjani Jumamosi saa tatu usiku, nikiamini nimewahi. Kumbe ndege ilikuwa imeondoka zaidi ya saa ishirini kabla. Saa hiyo ya 00:40 ni ya usiku tunaouita wa kuamkia Jumamosi, na nilitakiwa nifike Ijumaa jioni. Tangu hapo sipandi ndege kabla ya kuketi na kalamu.

Naanza na umbali. Kutoka Jomo Kenyatta hadi uwanja wa John F. Kennedy ni kilomita 11,800 hivi. Usiupime kwa rula kwenye ramani ya ukutani, maana mstari wako utakatiza Nigeria na Mali. Chukua tufe, vuta uzi ukaze. Utaona unapanda kaskazini magharibi, unapita Sudan Kusini, Chad, jangwa la Algeria na Moroko, ndipo unaingia Atlantiki. Hiyo ndiyo njia fupi. Rubani haifuati sawasawa kila siku, kwa sababu kuna dhoruba, na kuna anga zinazofungwa kwa vita, kama ya Sudan ilivyofungwa Aprili 2023.

Sasa muda. Mimi hugawa kilomita kwa 850, kisha naongeza saa moja ya kuruka, kutua na kuzunguka. Hapa inakuja karibu saa 15, na ndivyo ilivyo kwa safari ya moja kwa moja ambayo Kenya Airways iliianzisha tarehe 28 Oktoba 2018. Kurudi huchukua pungufu, kama saa 14. Huko juu, kilomita kumi kutoka ardhini, upepo mkali huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Ukienda Marekani unakupiga usoni, ukirudi unakusukuma mgongoni.

Penye kazi hasa ni saa. Muda ulioandikwa kwenye tiketi ni wa mahali husika: wa kuondoka ni wa Nairobi, wa kufika ni wa New York. Tuseme unaondoka 23:25, yaani saa tano na dakika 25 usiku. Ongeza saa 15: Nairobi itakuwa saa nane na dakika 25 mchana wa kesho yake. Kama ni Januari, toa saa 8. Utatua New York saa kumi na mbili na dakika 25 asubuhi. Kama ni Julai, toa 7 tu, kwa sababu Wamarekani husogeza saa zao mbele mwezi Machi na kuzirudisha Novemba. Sisi hatugusi zetu.

Ukishamaliza, mwandikie anayekupokea saa ya kwake, na mama nyumbani saa ya kwetu, kwa Kiswahili, pamoja na jina la siku. Usimpe tarakimu za tiketi azitafsiri mwenyewe, kwani 06:25 akiisoma kama saa sita na dakika 25 atahangaika siku nzima. Na tiketi yako ikianza na 00, tafadhali nenda uwanjani jioni ya siku iliyotangulia.