Mafunzo Niliyopata Kibandani Nabuyonga

Filamu yangu ya kwanza ilikuwa ya dakika 82: mama mmoja hapa Mbale, Uganda, kando ya mto Nabuyonga, baada ya mafuriko ya Julai 2022. Anamenya viazi, anautazama mlima Wanale, anashuka mtoni. Niliionyesha katika kibanda cha video karibu na mto huohuo. Dakika ya 20 mabenchi yakaanza kulia. Mwisho tulibaki wanne, mmoja wetu mwenye jenereta.

1. Usimlaumu mtazamaji. Usiku ule nilijifariji kwamba watu wameharibiwa na picha za ngumi. Uongo mtupu. Watu haohao, kila mwaka wa shufwa, husimama juani kumtazama kijana wa imbalu, tohara ya Wagisu. Mwili umepakwa unga wa kimea na matope, fimbo mabegani, jicho halipepesi. Umati mzima umenyamaza, na hakuna anayeondoka, kwa kuwa kila mtu anajua kijana akitikisika tu ukoo umeaibika. Mama wa filamu yangu naye alikuwa ametulia, ila nani alijua angepoteza nini?

2. Msikilize VJ. Vibandani kwetu VJ (video joker) huifasiri picha kwa Kiganda na kuitia chumvi. Sauti ya VJ Emmie imekuwa sehemu ya filamu Who Killed Captain Alex? (2010) ya Nabwana I.G.G. VJ wetu alishika kipaza sauti: "Anamenya." Kimya. "Bado anamenya." Watu wakacheka. Kisha akanigeukia: "Ndugu yangu, huyu mama anataka nini?" Nilikuwa na kamera ya kuazima na mwanga mzuri wa alfajiri. Jibu sikuwa nalo.

3. Ukimya si kina. (Hili nililijua, nilijifanya silijui.)

4. Muulize unayempiga picha. Mama aliyeigiza ni jirani yangu. Kesho yake nilimpelekea sukari, nikamwomba radhi. Akacheka. "Mwanangu, cherehani yangu ilikwenda na mto. Kila asubuhi nilikuwa nashuka kuitafuta kwenye matope. Ulinipiga picha nikishuka, ukakata kabla sijafika."

Nilirudi kwake na kamera. Sasa filamu ina dakika 31, inaanza na cherehani, na viazi vinamenywa mara moja tu.