Kuzungumza na Mtoto Kiziwi Asiyeona

Mtoto anayesikia huokota maneno akiwa bado mgongoni kwa mama: ya muuza samaki, ya redio, ya majirani wanaogombana. Mtoto asiyesikia wala kuona haokoti hata moja. Kinachomfikia ni kile tu kinachomgusa. Kwa hiyo wazazi wengi hukata tamaa mapema, wakabaki kumlisha, kumwogesha na kumlaza bila kumwambia lolote. Hapo ndipo mtoto anapopotezewa miaka, kwa sababu lugha anaiweza, ila itamwingia kupitia mikono.

Kwanza apimwe macho na masikio. Wengi wanaoitwa viziwi wasioona wana uwezo kidogo uliobaki: mmoja huona mwanga na vivuli, mwingine husikia ngoma au mlango ukibamizwa. Miwani au kifaa cha kusikia vinaweza kumfungulia njia. Lakini usingoje majibu ya hospitali ndipo uanze kuzungumza naye.

Anza na salamu. Usimnyanyue ghafla, maana hajui ni nani aliyemshika wala anapelekwa wapi. Mguse bega, tulia, kisha mjulishe wewe ni nani kwa alama ileile kila siku: mama ampapasishe bangili yake, babu ndevu zake. Halafu mwambie kinachofuata. Kabla ya kuoga mpe dodoki alishike, kabla ya uji kijiko chake, kabla ya kulala pindo la khanga anayojifunika. Viwe vitu halisi anavyovitumia. Ng'ombe wa plastiki hana joto, hana manyoya, hana harufu. Kwenye vidole vya mtoto huyu si ng'ombe kabisa.

Jan van Dijk, mwalimu wa Uholanzi aliyefanya kazi na watoto wa aina hii huko Sint-Michielsgestel, alisisitiza kuanza na mwendo wa mwili. Mtoto akipenda kuyumbayumba, kaa naye mgongo wake ukiegemea kifua chako, myumbe pamoja. Kisha simama. Ngoja. Ngoja zaidi ya unavyodhani inatosha. Siku atakapokusukuma kwa mgongo ili muendelee, atakuwa amekuambia "tena". Mjibu papo hapo kwa kuyumba. Ameshagundua kwamba anaweza kumwambia mtu jambo na likatendeka, na bila ugunduzi huo alama utakazomfundisha hazitakuwa na kazi kwake.

Kitu akishakizoea, tanguliza alama yake ya lugha ya alama: fanya alama ya kula mkono wake ukiwa juu ya wako, ndipo umpe kijiko. Nasema juu ya wako kwa makusudi. Ukimkamata mkono na kuusukuma, unamziba macho yake, kwani vidole ndivyo vinavyomwonea. Mkono wako ukiwa chini, yeye hufuata akitaka na huuondoa akichoka. Ataelewa alama muda mrefu kabla ya kuitoa mwenyewe, kama watoto wote wanavyoelewa kabla ya kusema.

Habari ya Helen Keller, mtoto kiziwi asiyeona wa Alabama, Marekani, na maji ya pampu mwaka 1887 inajulikana sana: mwalimu wake, Anne Sullivan, alimwandikia neno "maji" kiganjani kwa herufi za vidole huku maji yakimwagika kwenye mkono wa pili, naye akang'amua kwamba kila kitu kina jina. Kwa mzazi, naona kilichofuata kina faida zaidi. Siku chache baadaye Sullivan alimtazama mtoto mdogo wa jamaa za Helen, wa miezi kumi na mitano hivi, akaona kwamba anaelewa mengi ingawa hajafundishwa kwa vipindi. Watu humsemesha tu. Basi akaacha masomo ya saa maalumu, akaanza kumwandikia Helen kiganjani sentensi nzima nzima, mchana kutwa, juu ya lolote walilokuwa wakilifanya. Helen alikuwa hajatimiza miaka saba. Baadaye alisoma hadi chuo kikuu, akahitimu mwaka 1904.

Kwa hiyo zungumza naye mkiwa mnachambua mchele, mnaanua nguo, mnamngoja baba arudi. Mwambie pia yasiyo kazi: mvua inanyesha, shangazi amekuja, mbuzi amezaa. Mpeleke ampapase mwanambuzi angali na unyevunyevu.

Usibebe jambo hili peke yako. Kenya, nenda kwenye kituo cha tathmini ya elimu maalumu kilicho karibu. Huko Kabarnet, Baringo, ipo shule ya watoto viziwi wasioona. Tanzania, anzia kwa afisa elimu maalumu wa halmashauri yako. Na nyumbani, ndugu, jamaa na majirani wote wajifunze alama anazozijua mtoto, ili asibaki na mtu mmoja tu wa kuzungumza naye.