Unamkwepa Nani? Chagua Njia ya Kuvinjari kwa Faragha

Mgonjwa anayesoma kuhusu ugonjwa wake, mfanyakazi anayetafuta kazi nyingine, mke anayetafuta msaada wa kisheria baada ya kupigwa: wote wana haki ya kutafuta habari bila kuchunguliwa. Wewe pia. Vifaa vya kukusaidia vipo, na vingi ni vya bure. Kinachotakiwa ni kujua kipi kinafanya kazi gani.

Kabla ya kupakua chochote, jiulize unamkwepa nani. Ni mtu mnayetumia naye simu? Mwenye Wi-Fi? Kampuni iliyokuuzia bando? Au tovuti yenyewe? Kila mmoja anaona kitu tofauti, na kila mmoja ana dawa yake.

Unamkwepa mtu mnayeshirikiana naye kifaa? Tumia hali fiche. Kwenye Chrome, gusa nukta tatu za juu, kisha fungua kichupo fiche kipya. Ukimaliza, funga vichupo vyote vya aina hiyo. Historia na vidakuzi vitafutika. Hii inakufaa sana steshenari, unapofungua barua pepe ili uchapishe cheti. Lakini faili ulilopakua linabaki kwenye komputa ile. Lifute kabla hujaondoka, na pipa la taka ulimwage.

Usiipe hali fiche kazi isiyoiweza. Kampuni ya simu, mwenye Wi-Fi na tovuti unayoitembelea bado wanakuona. Mwaka 2020 Google ilishtakiwa Marekani kwa kukusanya taarifa za watu waliokuwa wakivinjari kwa hali hiyo. Mwaka 2024 ikakubali kufuta mabilioni ya kumbukumbu.

Unamkwepa mwenye Wi-Fi au kampuni ya simu? Hapo ndipo VPN inapoingia. Mawasiliano yako yanafungwa kwa msimbo hadi yafike kwenye seva ya VPN, na tovuti inaona anwani ya seva hiyo badala ya yako. Iwashe ukiwa hotelini, kwenye mgahawa au uwanja wa ndege.

Chagua VPN kama unavyochagua mtu wa kumwachia funguo za nyumba. Kile ambacho kampuni ya simu haikioni tena, mwenye VPN anaweza kukiona. Ikiwa ni ya bure na haielezi inaishi kwa fedha gani, iache. Ikiomba ruhusa ya kusoma majina uliyohifadhi au picha zako, ifute. Proton VPN ina huduma ya bure isiyo na kikomo cha data. Mullvad ni ya kulipia, lakini haidai jina wala barua pepe.

Ukishaiweka, hakikisha haikuachi njiani. Kwenye simu nyingi za Android, ingia mipangilio ya VPN, washa sehemu ya kuiacha ikiwaka muda wote, kisha zuia miunganisho isiyopitia VPN. Ikikatika ghafla, intaneti nayo inakatika, na hatari ya taarifa kuvuja inapungua sana.

Angalia na sheria ya ulipo. Tanzania, Oktoba 2023, mamlaka ya mawasiliano, TCRA, iliwataka wanaotumia VPN watoe taarifa zao kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo. Ukiwa Omani au Falme za Kiarabu, uliza kwanza. Dakika tano za kuuliza zinaweza kukuepusha na kesi.

Hutaki hata mmoja wao ajue wewe ni nani na unakwenda wapi kwa wakati mmoja? Tumia Tor Browser. Ni ya bure, na inasimamiwa na Tor Project, shirika lisilotafuta faida. Mawasiliano yako hupita seva tatu. Ya kwanza inajua ulikotoka lakini haijui uendako. Ya mwisho inajua uendako lakini haijui ulikotoka.

Ipakue torproject.org, au Play Store kama una Android. Kwa iPhone, chukua Onion Browser. Ukiwa na Tor Browser, ifungue, bonyeza Connect, subiri kidogo. Kisha tembelea check.torproject.org uthibitishe kwamba umeunganishwa. Ikiwa mtandao wako unaizuia Tor, ingia mipangilio ya muunganisho uchague daraja la Snowflake.

Ukiwa ndani ya Tor, usijitaje. Ukiingia Facebook kwa akaunti yako ya kila siku, Facebook inakujua palepale. Usiongeze viendelezi, kwa sababu vinakutofautisha na watumiaji wengine. Usipakue torrent. Na nyaraka ulizopakua zifungue baada ya kuzima intaneti.

Ukihama kutoka jambo moja kwenda jingine, anza upya. Kwenye komputa, bonyeza alama ya ufagio. Vichupo vyote vitafungwa na utapewa njia mpya.

Benki iache nje ya Tor. Benki ikiona umeingia kutoka nchi nyingine, inaweza kukufungia akaunti. Video nazo zitakusumbua, maana Tor ni ya polepole. Kumbuka pia kwamba Tor Browser inalinda kivinjari hicho peke yake. WhatsApp na programu nyingine zinaendelea kupita njia zake za kawaida.

Ukihisi mtu ameweka programu ya kukupeleleza kwenye simu yako, usitegemee chochote kati ya hivi. Anayeona kioo chako anaona kila unachoandika, hata ndani ya Tor. Tumia simu ya mtu unayemwamini.

Kwa siku za kawaida, fanya mambo mawili. Badilisha injini ya kutafuta uweke DuckDuckGo, ambayo haitunzi historia ya unayoyatafuta. Kisha pitia ruhusa za programu zako, uzime mahali ulipo, maikrofoni na kamera kwa kila programu isiyovihitaji.

Leo anza na ruhusa hizo, maana hazihitaji bando wala programu mpya. Kesho jibu swali la unamkwepa nani, kisha weka chombo kimoja kinachomhusu huyo na ujifunze kukitumia vizuri. Na popote unapoombwa jina, namba ya simu au tarehe ya kuzaliwa bila sababu ya msingi, usitoe. Hakuna programu inayoweza kuficha ulichokiandika mwenyewe.