Mpime na Urefu: Lishe ya Mtoto wa Kilifi

Mtoto mwenye mashavu yaliyojaa husifiwa kila anapopita: huyu anakula vizuri! Mwembamba huonewa huruma. Mfupi hasemwi, maana huonekana mdogo wa umri tu, au amerithi kimo cha babu yake. Ndiyo maana udumavu, tatizo letu kubwa, hutupita machoni.

Utafiti wa kitaifa wa Demografia na Afya wa mwaka 2022 ulikuta kwamba kati ya kila watoto 100 wa Kilifi wa chini ya miaka mitano, 37 wamedumaa. Hakuna kaunti iliyozidi hapo. Kenya nzima ni 18. Waliozidi uzito nchini ni kama 3 tu katika 100. Basi kwa nini kijitabu hiki kiyataje yote mawili? Kwa sababu mara nyingi hutoka sufuria moja. Uji mtupu wa mahindi, sima na mchuzi, hamri na chai ya sukari, viazi karai, soda: tumbo hujaa, uzito unaweza kupanda, lakini mifupa na damu hukosa protini, chuma na zinki. Mtoto mmoja anaweza kuwa mfupi na mnene kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo kliniki isiishie kwenye mizani. Chini ya miaka miwili, mtoto hulazwa kwenye ubao na magoti yakanyooshwa taratibu. Akishafika miwili, husimama. Omba urefu uandikwe katika kitabu cha mama na mtoto. Wengi wetu huacha kwenda baada ya chanjo ya surua ya miezi 9, wakati ambapo uji unachukua nafasi ya ziwa na udumavu unashika kasi. Endelea hadi afike miaka mitano.

Uvimbe si unono

Bonyeza kwa dole gumba sehemu ya juu ya miguu yote miwili ya mtoto, si kwenye nyayo, uhesabu sekunde tatu, uachie. Shimo likibaki pande zote mbili, huo ni utapiamlo mkali. Mpeleke hospitalini siku hiyo hiyo.

Hapa kwetu hali hii, na hata kukonda sana, huitwa chirwa, na lawama huwaangukia wazazi: mmoja wao ametoka nje ya ndoa. Mama akiogopa maneno humficha mtoto ndani, na siku za kumwokoa zinapita. Kama familia inataka kwenda kwa mganga, hilo ni lao, lakini hospitali itangulie. Huko haulizwi mtu amelala wapi.

Mhudumu wa afya ya jamii ana utepe wa mkono kwa watoto wa miezi 6 hadi 59. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu: apelekwe haraka. Kuanzia hapo hadi chini ya 12.5 ni njano, naye anahitaji kufuatiliwa. Utepe huo hauonyeshi udumavu, kwa hiyo rangi ya kijani isikufanye uache kupima urefu.

Kilichopo sokoni

Samaki wakubwa wa Malindi na Watamu huishia hotelini, tunajua. Lakini kwa mama karanga, wauza samaki wa kukaanga, wapo wadogo wa bei nafuu. Dagaa mkavu, akitolewa mchanga, akakaangwa bila mafuta na kusagwa, kijiko kimoja chake katika uji wa mtoto wa miezi saba ni chakula hasa. Kunde au pojo zilizopondwa na tui la nazi, mchicha, mtsunga, papai, yai la kuku wa nyumbani kabla halijauzwa: hivi navyo.

Hadi miezi 6, maziwa ya mama peke yake. Hata maji hapana. Kisha mpe chakula mara mbili au tatu kwa siku, na kuanzia miezi 9 mara tatu au nne, huku akinyonya hadi miaka miwili na zaidi. Uji uwe mzito kiasi cha kutomwagika kijikoni. Chai asipewe, kwani huzuia chuma kuingia mwilini. Na zile shilingi za juisi ya unga na krisps zinatosha ndizi, wakati mwingine hata yai.