Ventoux siku ya upepo: maswali ya waendesha baiskeli

Mont Ventoux, mlima wa mita 1,910 kusini mwa Ufaransa, kila kiangazi huvuta watu wanaopiga hema Bédoin, Malaucène au Sault ili waupande kwa baiskeli. Wengi hufanya mazoezi ya mwinuko miezi kadhaa, na upepo wanakuja kuukuta huko huko. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa zaidi na wanaojiandaa kwenda.

Kukiwa na jua na anga haina wingu, upepo utatoka wapi?

Mistral, upepo mkali wa kaskazini wa eneo hili, huja na anga safi. Hewa baridi ya kaskazini hubanwa kati ya Alps na Massif Central, ikateremka bonde la mto Rhône kwa kasi kuelekea Mediterania, na Ventoux umesimama pembeni mwa njia hiyo bila mlima jirani wa kuukinga. Mwaka 1967 kileleni ulipimwa upepo wa kilomita 320 kwa saa. Basi achana na kutazama mawingu. Tafuta utabiri wa kileleni, wala usitegemee ule wa kijijini, na usome namba ya upepo wa ghafla kuliko ile ya wastani. Ikizidi kilomita 60 kwa saa, mimi sifiki juu, hata miguu iwe na nguvu kiasi gani.

Asubuhi kambini kumetulia kabisa. Je, huko juu nitajuaje?

Hapa ndipo wengi wanaponaswa. Kutoka Bédoin kilomita za mwanzo ni laini, kisha kwenye kona ya Saint-Estève unaingia msituni, na kwa kilomita kumi hivi mwinuko unacheza kwenye asilimia 9. Miti inakukinga. Unatokwa na jasho, unafungua zipu, unatamani hata upepo kidogo. Halafu unatokea Chalet Reynard, miti inaisha, na zimebaki kilomita 6 za mawe meupe matupu. Kuanzia hapo barabara inaelekea kaskazini-magharibi, yaani mbisho mtupu wakati wa Mistral. Upepo ukiongezeka maradufu, nguvu inayokurudisha nyuma huongezeka mara nne, kwa hiyo gia iliyokutosha msituni haitoshi tena.

Uamuzi wa kugeuza ufanyie Chalet Reynard, ukiwa bado una akili ya kufikiri. Simama, vaa koti la upepo, watazame wanaoteremka. Ukiona wanashuka wakikokota baiskeli kwa miguu, jibu umeshalipata. Ukiendelea, kaa chonjo Col des Tempêtes, kabla kidogo ya kilele: mgongo wa mlima unafunguka upande wa kaskazini na upepo unakupiga mzima mzima.

Kwa nini huko juu hakuna miti?

Ilikatwa kwa karne nyingi, mingine ikaenda Toulon kujengea meli. Upandaji mpya ulianza miaka ya 1860, ila haukufika kileleni.

Kushuka si ndiyo mapumziko?

Kushuka ndiko ninakokuogopea zaidi. Upepo wa ubavuni hushika gurudumu la mbele na kugeuza usukani kabla hujajua. Rimu za kaboni zenye kina kirefu ziache nyumbani, hasa ya mbele. Shika usukani sehemu ya chini, legeza viwiko, bana fremu kwa magoti, na uache nafasi kati yako na ukingo wa barabara. Gari likikupita, kwa sekunde moja litakukinga. Likishapita, upepo unarudi wote kwa mpigo, na hapo ndipo watu wanapoanguka. Tena kileleni kuna baridi kuliko Bédoin kwa nyuzi kumi hivi, bila kuhesabu upepo. Vidole vikifa ganzi, breki hazishikiki. Beba glavu ndefu hata mwezi wa Julai.

Ni kweli Froome alikimbia kwa miguu hapa kwa sababu ya upepo?

Upepo ulichangia. Tarehe 14 Julai 2016, waandaaji wa Tour de France walikata kilomita 6 za mwisho na kumalizia Chalet Reynard. Watazamaji wakasongamana chini, pikipiki ikakwama, mwendesha baiskeli Richie Porte akaigonga, naye Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyelelewa kimchezo na mwendesha baiskeli Mkenya David Kinjah, akaanguka naye. Baiskeli yake ikavunjika, akatimua mbio. Waamuzi walimwachia jezi ya njano ya anayeongoza. Mimi nasema waandaaji walifanya sawa kukata njia; kosa lilikuwa kuacha umati bila uzio.

Hema nilisimamishe vipi?

Upande mwembamba na mfupi uelekee kaskazini, mlango upande wa pili. Ardhi ya huko ina mawe, mambo laini za alumini hupinda. Chukua za chuma na nyundo, uzipigilie zikilalia nje ya hema. Moto wa kuni usiwashe kabisa, kwani msitu mkavu na Mistral ni maafa.

Kilele kikishindikana, siku imepotea?

Hata kidogo. Toka Villes-sur-Auzon upite barabara ya korongo la Nesque hadi Sault. Mwinuko ni mpole, magari ni machache, na kuta za mawe hukukinga sehemu kubwa ya njia. Ukifika Sault mwezi Julai, mashamba ya lavenda yatakuwa yamechanua.