Majeraha ya ubaguzi wa rangi hayaponi kwa kusema mara moja

UTAWALA wa ubaguzi wa rangi nchini Afrika Kusini, ulioanza mwaka wa 1948, ulikomeshwa na uchaguzi wa Aprili 1994. Hata hivyo, mwili na akili havifuati tarehe za serikali. Mtu aliyefukuzwa kwake, aliyeteswa korokoroni au aliyeambiwa tangu utotoni kwamba rangi yake ni kasoro, huendelea kuumia hata baada ya bendera mpya kupandishwa.

Wataalamu wa afya ya akili huliita jeraha hili kiwewe. Mwenye kiwewe hukosa usingizi, huota jinamizi na hushtuka mlango unapobishwa. Moyo humwenda mbio bila sababu. Baadhi yao huumwa na kichwa au tumbo na daktari asione ugonjwa. Wengine hutafuta nafuu katika pombe. Wapo pia wanaonyamaza kabisa, lakini hasira yao huwaangukia mke, mume au watoto. Watoto nao hukua na woga ambao hawajui chanzo chake.

Ubaguzi wa rangi hutofautiana na ajali ya siku moja. Sheria ya mwaka wa 1950 ilimwandikisha kila mtu kwa rangi yake, na nyingine ya mwaka huo huo ikaamua nani akae wapi. Mtaa wa District Six, mjini Cape Town, ulitangazwa kuwa wa wazungu mwaka wa 1966, na zaidi ya watu 60,000 wakaondolewa. Majirani waliozoeana walitawanywa. Kwa vile jamii nzima iliumizwa, mgonjwa mmoja mmoja hawezi kutibiwa kana kwamba aliumia peke yake.

Je, kusema kunaponya?

Mwaka wa 1996 Tume ya Ukweli na Maridhiano, chini ya Askofu Mkuu Desmond Tutu, ilianza kuwasikiliza walioumizwa. Taarifa zipatazo 21,000 ziliandikwa, na watu wapatao 2,000 walizungumza hadharani. Wengi waliamini kwamba machozi yale yangeleta uponyaji.

Lakini mwaka wa 2001 watafiti wa Afrika Kusini walichapisha matokeo ya uchunguzi wa watu 134 walionusurika ukatili. Hawakupata tofauti kubwa ya afya ya akili baina ya waliotoa ushahidi mbele ya Tume na wasiotoa. Hili lisitushangaze. Mtu alieleza uchungu wa miaka mingi kwa muda mfupi mbele ya umati, kisha akarudi nyumbani kuendelea na maisha yale yale.

Hapo ndipo umuhimu wa vikundi vidogo vya mazungumzo unapoonekana. Khulumani, neno la Kizulu lenye maana ya "semeni", ni kikundi kilichoanzishwa na walionusurika wenyewe mwaka wa 1995. Tume ilipomaliza kazi, wao waliendelea kukutana.

Mwaka wa 1998 kasisi wa Kianglikana, Michael Lapsley, alianzisha mjini Cape Town taasisi ya kuponya kumbukumbu. Kasisi huyo alipoteza mikono yote miwili na jicho moja mjini Harare mwezi wa Aprili 1990, bomu lililofichwa ndani ya majarida ya dini lilipomlipukia. Katika warsha zake, ambazo kwa kawaida huchukua siku tatu, washiriki huchora kwa rangi safari ya maisha yao, kisha kila mmoja hueleza mchoro wake katika kundi dogo. Weusi, machotara, Wahindi na wazungu huweza kuketi pamoja.

Kanuni za kikundi

Kikundi kizuri huwa na mwongozaji aliyefunzwa, na hukutana mahali palipo salama. Yanayosemwa ndani hayatoki nje. Kila mtu hupewa zamu bila kukatizwa, na hakuna anayebishana na uchungu wa mwenzake. Wasikilizaji hawatoi mahubiri wala hawamhimizi mtu asamehe upesi. Zaidi ya yote, asiye tayari kusema huachwa anyamaze. Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba aliyepatwa na msiba asishurutishwe kusimulia yaliyompata, kwani kulazimishwa huweza kumzidishia maumivu.

Faida yake ni kwamba mtu hugundua kuwa hana wazimu wala hayuko peke yake. Aibu aliyodhani ni yake huirudisha kwa waliomtendea.

Hata hivyo, kikundi si badala ya daktari. Anayefikiria kujiua, asiyelala kwa majuma mengi au aliyezama katika ulevi apelekwe hospitalini bila kukawia. Wala mazungumzo si badala ya haki. Tume ilipendekeza walioumizwa walipwe kila mwaka kwa miaka sita, lakini mwaka wa 2003 serikali iliamua kuwapa randi 30,000 kila mmoja, mara moja tu. Ni vigumu kumwambia mtu apone ilhali nyumba aliyonyang'anywa haijarudi.

Hapa Kenya, Juni 2013, serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa fidia watu 5,228 walioteswa na wakoloni enzi za Mau Mau, katika miaka ya 1950. Fedha zilikuja baada ya zaidi ya nusu karne, na huenda katika familia yako yupo mzee ambaye hajawahi kuulizwa yaliyomsibu. Usimhoji kama askari. Keti naye, mwonyeshe kwamba una wakati, na akianza kusema usimkatize. Akisita, mwache, urudi siku nyingine. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Lakini mgonjwa hufichua maradhi yake kwa anayemwamini tu.