SOMO LA ROBO HII: GARI LINALOKUNYWA MAJI



Katika parokia nyingi za vijijini gari ni moja tu. Gari hilo hubeba saruji ya zahanati na walimu wanaokwenda semina, na usiku wa manane hubeba mama mjamzito anayepaswa kufikishwa hospitali. Mara nyingi ni Toyota Land Cruiser ya miaka ya 1990, yenye injini ya dizeli aina ya 1HZ, silinda 6, lita 4.2. Ni injini imara na mafundi wengi wanaifahamu. Lakini hakuna injini ya namna hii inayostahimili kukosa maji.

Kamati ikimuuliza dereva hali ya gari, jibu huwa hili: "Liko sawa, ila linakunywa maji kidogo." Somo letu linahusu hilo "kidogo". Maji ya rejeta hayatumiki yakaisha kama dizeli. Yanazunguka tu, yakichukua joto la injini na kulipeleka kwenye rejeta, kisha yanarudi. Gari lisilo na hitilafu halinywi maji. Likihitaji kuongezewa kila wiki, kuna mahali yanapotokea. Kuongeza maji bila kupatafuta mahali hapo si matengenezo, ni kuahirisha.

1. Kwa nini uvujaji mdogo ni hatari

Usawa wa bahari maji huchemka kwa nyuzi 100. Njombe mjini, karibu mita 2,000 juu ya bahari, huchemka kwa nyuzi 93 hivi. Gari likipanda mlima na mzigo, maji ya injini hufikia joto hilo kwa urahisi. Kinachoyazuia yasichemke ni presha. Kifuniko cha rejeta hufanya kazi kama mfuniko mzito wa sufuria, na kikiwa kizima huweza kuongeza kiwango cha kuchemka kwa nyuzi 20 hivi.

Palipo na tundu, presha haikai. Maji huchemka mapema, mvuke hutoka, na maji yaliyobaki hayatoshi kupoza injini. Ndipo silinda hedi hupinda au kupasuka na gasketi yake huungua. Aidha, dereva asitegemee mshale wa joto peke yake. Kipimo chake husoma joto la maji yanayokigusa. Maji yakiisha kabisa, mshale unaweza kushuka huku injini ikiungua.

2. Namna ya kutafuta uvujaji

Kazi hii ifanyike gari likiwa limepoa, ikiwezekana asubuhi kabla ya safari. Kifuniko cha rejeta kisifunguliwe kamwe injini ikiwa ya moto, kwa kuwa maji yatakayoruka huunguza uso na mikono vibaya.

(a) Laza maboksi yaliyokunjuliwa chini ya injini usiku kucha. Asubuhi angalia matone yameangukia wapi. Kulanti huwa na rangi, kwa kawaida kijani au nyekundu, na haina utelezi wa oili.

(b) Kwa tochi, tafuta alama zilizokauka: ukoko mweupe, wa kijani au wa kutu. Angalia ncha za mipira ya rejeta, maungio ya rejeta, sehemu ya chini ya wota pampu, na mipira ya hita inayoingia ndani ya gari. Minya kila mpira. Uliolainika kupita kiasi, uliokakamaa au wenye nyufa umekwisha muda wake.

(c) Kama tone halionekani, omba gereji pampu ya mkono ya kupimia presha. Hufungwa mahali pa kifuniko na kujazwa hadi kipimo kilichoandikwa kwenye kifuniko, si zaidi. Subirini dakika 10 hadi 15. Mshale wa pampu ukishuka, kuna uvujaji, na mara nyingi maji yataonekana yanapotokea. Kifuniko chenyewe nacho kipimwe, na mpira wake wa ndani ukaguliwe. Tundu linalofunga injini ikiwa baridi huweza kufunguka ikiwa ya moto, hivyo rudieni ukaguzi wa macho injini ikinguruma, mikono na nguo zikiwa mbali na feni.

(d) Kama nje ni pakavu kabisa, gusa zulia la upande wa miguu ya abiria. Likiwa na unyevu, hita ndiyo inayovuja. Zulia likiwa kavu, geukieni ndani ya injini. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa, mapovu yasiyoisha ndani ya rejeta injini ikinguruma, moshi mweupe usiokoma hata injini ikipata joto, na mpira wa juu kuwa mgumu mara tu injini baridi inapowashwa ni dalili za gasketi ya silinda hedi kuungua au hedi kupasuka. Hapo gari lisiendeshwe tena mpaka fundi alifungue.

3. Matengenezo na njia za mkato

Mpira wa rejeta ubadilishwe kwa mpira wenye umbo lile lile. Wa kulazimishwa kukunjwa utabana njia ya maji. Klipu zikazwe vizuri, lakini zisikaze mpaka zikakata mpira. Ni busara kubadilisha mipira yote kwa pamoja, kwa kuwa imezeeka pamoja.

Rejeta ya shaba inaweza kulehemiwa na fundi mzuri. Ile ya alumini yenye vichwa vya plastiki haikubali lehemu ya kawaida, na gundi ni ya kufikia nyumbani tu.

Wota pampu ina kitundu kidogo kilichowekwa makusudi na watengenezaji. Maji yakitiririka hapo, sili ya ndani imekwisha na pampu ibadilishwe. Fundi anayeziba kitundu hicho kwa gundi anaficha taarifa, na maji yanaweza kuingia kwenye beringi.

Kuna desturi ya kutia yai bichi, pilipili manga au unga wa kuziba ndani ya rejeta. Hivi huweza kuziba tundu kwa siku chache, lakini huziba pia njia nyembamba za rejeta na hita. Vivyo hivyo, kuondoa thamostati ili "gari lisichemshe" hakuponyi uvujaji, bali huifanya injini ichelewe kupata joto lake na kuchakaa mapema.

Silinda hedi ikifunguliwa, kamati isikubali ifungwe kwa gasketi mpya peke yake. Ipelekwe kupimwa kama imepinda au kupasuka, na ikirudishwa bolti zikazwe kwa mpangilio na kipimo cha kitabu cha gari.

Baada ya matengenezo, jazeni polepole mchanganyiko wa nusu kulanti na nusu maji safi. Nchini kwetu kulanti si kwa ajili ya barafu. Inazuia kutu na inapandisha kiwango cha kuchemka. Maji yaliyosafishwa kwa ajili ya betri ndiyo bora, na maji safi ya mvua ni afadhali kuliko ya kisima, ambayo mara nyingi huwa na chumvi na madini yanayoacha ukoko. Washeni injini, hita ikiwa wazi, hadi mpira wa chini upate joto, ili hewa itoke, kisha ongezeni injini ikishapoa. Kulanti iliyomwagwa isiachwe kwenye beseni. Ina ladha tamu lakini nyingi yake ni sumu inayoua, na watoto na mbwa huweza kuinywa.

4. Gari likichemsha njiani

Simamisha mahali salama na uzime injini. Usimwage maji ya baridi juu ya injini yenye moto, kwa kuwa chuma kinaweza kupasuka. Subiri ipoe kabisa ndipo ufungue kifuniko. Kama ndani kuna mgonjwa, dereva asishawishike "kulisukuma kidogo kidogo". Kazi ya kwanza ni kutafuta chombo kingine cha kumfikisha. Kwa hiyo kila dereva awe na namba za simu za wenye magari wa njia hiyo, na aanze kupiga mara tu anapoona mvuke.

5. Wajibu wa kamati na wa wahisani

Katika daftari la safari, iongezwe safu moja: maji yaliyoongezwa, kwa lita. Tuseme gari limetembea kilomita 300 na kuongezewa lita 3. Hiyo ni lita 1 kwa kila kilomita 100. Safari ya kwenda hospitali na kurudi ya kilomita 120 itapoteza zaidi ya lita moja, hata kama uvujaji hautaongezeka njiani. Kamati ikiona hesabu hiyo, haitauliza tena kama gari "liko sawa". Pia dereva anayeandika ukweli asilaumiwe, la sivyo safu hiyo itajazwa sifuri.

Kwa wahisani wetu: bajeti nyingi za gari huwa na fungu la mafuta na bima, bila fungu la vipuri vidogo. Mipira ya rejeta, kifuniko na kulanti ni gharama ndogo mno ukilinganisha na kufungua injini. Tunaomba fungu hilo lionekane kwenye bajeti kwa jina lake. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Maswali ya kujadili katika kikao

1. Mwezi uliopita gari letu liliongezewa lita ngapi za maji? Nani ana kumbukumbu?
2. Mipira ya rejeta ilibadilishwa lini mara ya mwisho?
3. Usiku wa leo gari likichemsha na mgonjwa ndani, dereva atampigia nani?